Kikohozi cha Meli

Majira yale ya baridi kondoo arobaini
waligandia ukutani wakiwa wamesimama,
na mimi, nesi wa kisiwa cha Sulabost,
sikufuta kamasi za mtu hata mmoja.
Miezi saba. Chupa zangu zikaota vumbi.
Watu walilala na nywele mbichi,
waliteremka majabalini kwa kamba kuokota mayai ya ndege,
upepo ukiwachapa mbavuni,
na hakuna aliyepiga chafya.

Basi msiniambie mafua ni mtoto wa baridi.
Mafua ni mtoto wa watu.
Huishi kwa kupokewa: pua hadi kiganja,
kiganja hadi kitasa, kitasa hadi pua ya jirani,
pumzi ya huyu ndani ya pumzi ya yule
chumbani madirisha yakiwa yamefungwa.
Yakishamaliza nyumba zote kumi na saba
hukosa pa kwenda, yakafa
bila hata mtu kujua ni siku gani.

Wenyeji waliyajua haya bila darubini.
Waliyaita kikohozi cha meli.
Mwezi wa Mei, siku ya barua, walihesabu kwa vidole:
leo moshi upeo wa macho,
kesho kutwa koo la Murchadh litawasha,
Jumapili kanisa zima litaimba zaburi puani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Aliyesema hivyo hakuwahi kukaa Sulabost.

Mwaka huo meli ilimleta Seonaid,
binti wa Oighrig, miaka tisa Glasgow
kwenye kiwanda cha biskuti. Koti la kijani,
leso imelowa kiganjani.
Nilimsikia kabla sijamwona:
chafya, chafya, halafu kicheko.

Nikatangulia mbio hadi kwa mama mtu.
"Oighrig, kifua chako unakijua.
Mwaka juzi kilikulaza hadi mavuno ya shayiri.
Siku tano tu. Aongee nawe dirishani.
Kikombe chake mbali, taulo lake mbali,
anawe kwa sabuni, nawe unawe,
usijiguse macho."
Alinisikiliza huku akichambua sufu.
"Siku tano," akasema, "kati ya ngapi?"
Meli ilikuwa inangoja siku nane.

Akasimama, akafungua mlango na dirisha vyote viwili
("umesema hewa ipite, haya, ipite")
akamkumbatia mwanawe kwa nyuma,
uso ameuzika kwenye mgongo wa lile koti,
mbali na pua.
Hayo ndiyo maelewano niliyoambulia.

Yalifika, bila shaka. Murchadh wa kwanza.
Alitaka sindano ya penisilini,
mkono wa shati ameshaukunja.
Nikamwambia huo ni wavu wa samaki,
na ulichonacho wewe ni moshi.
"Sasa dawa ni nini?"
"Kitanda."
"Na nini?"
"Maji ya moto. Asali. Chumvi ya kusukutua."
"Na nini?"
"Jumanne ijayo."
Alinitukana kwa Kigaeli safi.
Jumanne alikuwa juu ya paa, anaezeka.

Oighrig alichukua muda zaidi.
Usiku wa sita nilihesabu pumzi zake, saa mkononi,
sikio mgongoni, nikisikiliza ule mkwaruzo
ambao ukishuka chini kabisa si mafua tena,
na nahodha nilishamwambia asilale mbali na injini.
Alfajiri akaomba supu, akailalamikia.

Daftari la Oktoba ni langu, mwandiko wangu:
Wagonjwa, hakuna.
Wageni, hakuna.

Nilimkuta akikunja nguo kavu.
Leso ya Seonaid aliiweka kando, haijafuliwa.
Nikamwambia, ili asiogope,
vijidudu vyake vilishakufa zamani.
"Najua," akasema,
akairudisha mfukoni.